Siku Tuliyomsalimia Baba Akivuja Damu

Nakumbuka, mwanangu, wala sihitaji kufumba macho ili nikumbuke, siku ile ya upepo ambapo baba mkwe wangu alikaribia kufa huku watu wenye adabu nzuri wamesimama wakingoja zamu ya kumsalimia. Nasema wenye adabu nzuri bila kejeli. Au kwa kejeli kidogo tu. Sisi watu wa Ufipa tunajua kusalimu. Tunachuchumaa, tunapiga makofi taratibu, tunauliza habari za nyumbani, za shambani, za watoto na za mifugo, na anayekatisha salamu katikati tunamtazama kama mtu aliyeokotwa porini. Nilikulia hivyo mjini, mtaa wa Chanji, na nilipoolewa kijijini nikakuta wenzangu wananizidi mbali. Sijawahi kuona ubaya wa jambo hilo, isipokuwa siku hiyo moja.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kama tulivyoiita wenyewe, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo bati lilikuwa kitu cha kuombea kibali na kujuana na watu. Kisha, ghafla, maduka ya Sumbawanga yakajaa mabati, sabuni, mafuta ya kupikia, nguo za mitumba na vidonge vya kila rangi. Watu walioitwa walanguzi mwaka mmoja, mwaka uliofuata wakaitwa wafanyabiashara, nao wakaja na malori yao mpaka vijijini kununua mahindi na ulezi. Baba mkwe wangu, Mzee Leonsi, akamuuzia mmoja wao ulezi, akanunua mabati, akaapa mbele ya mkewe kwamba mvua haitamdondokea tena kitandani.

Akaalika watu wa kumsaidia kuezeka. Ninyi siku hizi mnalipa fundi na vibarua wake, mambo yamekwisha. Wakati ule mwenye kazi aliwaalika majirani na ndugu, wanaume wakafanya kazi, na wanawake wa nyumba ile wakatengeneza kimpumu. Hiyo ni pombe yetu ya ulezi. Inawekwa chunguni, inamwagiwa maji ya moto, watu wanaizunguka na kuinyonya kwa mirija, na maji yakipungua mnaongeza mengine ya moto. Kwa hiyo tangu asubuhi moto ulikuwa unawaka nyuma ya nyumba, masufuria yanachemka, na sisi wanawake tunapishana na ndoo.

Mimi nilikuwa bado mgeni katika nyumba ile. Mume wangu, Didas, alikuwa amekwenda Kabwe, kule ziwani, kununua samaki wakavu wa kuja kuuza mjini. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimesoma chuo cha maarifa ya nyumbani cha masista. Tulifundishwa kushona, kupika, kulea mtoto, na somo moja ambalo wasichana tulilicheka sana, la huduma ya kwanza. Sista mmoja mwenye ulimi mkali alimlaza mmoja wetu sakafuni, akatwambia huyu amekatwa, anavuja damu, haya mkandamizeni. Tukakandamiza. Ukichoka ukainua mkono kidogo, anakuchapa kidole na rula na kusema, "Umemuua." Tulikuwa tunatoka darasani tunahesabiana nani ameua wangapi.

Kitu kingine unachopaswa kukijua, mwanangu, ili uelewe yaliyofuata, ni kwamba katika nyumba ile mkamwana hakumgusa baba mkwe wake. Nilimsalimia kwa mbali, nimechuchumaa, macho chini. Chakula chake nilikipika mimi lakini mama mkwe ndiye aliyekipeleka. Akipita njiani, nilimpisha nikaingia kwenye nyasi. Tangu niolewe sikuwa nimewahi kugusa hata kofia yake.

Basi. Kiangazi cha kwetu si cha joto, ni cha upepo. Upepo wa uwanda ule hauna mti wa kuuzuia. Unakuja moja kwa moja kama mtu mwenye hasira na wewe. Fundi alikuwa juu kwenye kenchi, na chini wanaume wawili walikuwa wanampandishia bati refu. Mzee Leonsi alikuwa amesimama karibu nao anawaelekeza, ingawa hakuna aliyeomba kuelekezwa. Upepo ukalichukua lile bati mikononi mwao. Likapinduka hewani, likashuka kwa ukingo wake, likampitia paja, kwa ndani, juu kidogo ya goti.

Nilikuwa napita na ndoo ya maji kichwani. Nikaona suruali imefunguka kana kwamba mtu ameipasua kwa wembe. Kisha damu. Haikuwa ya kuchuruzika. Ilikuwa inabubujika, na vumbi la pale chini likageuka tope jeusi kabla sijatua ndoo. Mzee alikuwa bado amesimama, anaitazama kwa mshangao, kisha akaketi polepole chini.

Sitasema nilifikiri. Nilifungua khanga yangu ya juu, nikaikunja, nikapiga magoti, nikaiweka juu ya jeraha na kukandamiza kwa mikono yote miwili, mikono ikiwa imenyooka na uzito wangu wote juu yake. Damu ilikuwa ya moto. Nilihisi inasukuma chini ya khanga, inasukuma tena, kisha ikaanza kupungua.

"Mkamwana," Mzee Leonsi akasema, "unafanya nini?"

"Samahani, Baba."

"Toa mikono yako. Ondoka hapo."

"Samahani, Baba," nikarudia, na sikuitoa.

Wanaume walishuka kutoka juu na wengine waliokuwa wanakanda udongo wa kuta wakaja mbio. Wa kwanza kufika alikuwa baba mdogo Severini, mdogo wake Mzee, mtu aliyependa kwenda mjini na kurudi na habari. Hakutazama damu. Alitazama mikono yangu ilipo. Akanishika mabega, akaninyanyua na kuniweka pembeni kama gunia, na damu ikaanza tena.

Kuanzia hapo kila mtu alifanya kwa upendo jambo lisilofaa. Namwona kila mmoja mpaka leo. Kwanza walisema mwenye nyumba hawezi kulala chini kwenye tope siku ya kazi yake, mbele ya wakwe na majirani. Wakaleta kiti, kile kizuri chenye mgongo, wakamkalisha, miguu ikaning'inia. Baba mdogo akatoa mfukoni vidonge vya rangi mbili, vile vya kufungua, ambavyo siku hizo viliuzwa dukani pamoja na biskuti na viberiti. Akavifungua kimoja kimoja akamwagia unga wake kwenye jeraha. Damu ikausukuma wote nje. Mwingine akaja na kibatari ili amimine mafuta ya taa, akazuiwa, si kwa sababu ni vibaya bali kwa sababu mafuta yalikuwa yanahitajika jioni. Mwisho wakamfunga kitambaa, wakakiona kinalowa, wakakifungua watazame kama damu imekoma, wakakifunga tena. Kila walipofungua, ilianza upya.

Kisha zikaja salamu. Habari ilikuwa imekwisha kuzunguka kijiji kizima, na watu waliokuwa wanakuja kwenye kimpumu wakaja kwenye pole. Mmoja baada ya mwingine alifika mbele ya kiti, akachuchumaa, akapiga makofi, akasema shikamoo, akampa pole, akauliza imekuwaje. Na Mzee Leonsi, mtu wa heshima zake, alimjibu kila mmoja. Marahaba. Nimeshapoa. Ni bati tu hili. Za kwako? Mama hajambo? Mwanangu, alikuwa anaulizia afya za wake za watu huku kiatu chake kinajaa damu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wanawake, mikono yangu imeanza kukauka na kunata. Nilimtazama usoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Midomo yake ilikuwa imepauka, ikawa na rangi ya majivu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na upepo ule ulikuwa wa baridi. Alikuwa anapumua upesi upesi, pumzi fupi. Akapiga miayo. Majibu yake yakaanza kupishana na maswali. Mtu akamwuliza ameumia wapi, akajibu kwamba ulezi umeuzwa wote. Watu wakacheka kidogo, wakidhani anatania. Mimi niliogopa. Sista alikuwa ametufundisha dalili zile kwa majina yake moja moja, na zote zilikuwa zimeketi pale kwenye kiti.

"Nipeni maji," Mzee akasema. "Nina kiu sana."

Mama mkwe akaja na kikombe. Nilipita katikati ya watu, nikakishika kikombe kile mikononi mwake kabla hakijafika, na nikakitoa. Maji mengine yakamwagika kwenye gauni lake. Sikuwa na maneno ya adabu ya kufanyia jambo kama hilo; nadhani hayapo. Nikasema tu, "Mama, asinywe. Akinywa atatapika, na hospitali watashindwa kumhudumia vizuri. Mlowesheni midomo kwa kitambaa, basi."

Watu wote wakanigeukia. Mkamwana, mgeni, amemnyang'anya mama mkwe kikombe na kumnyima maji mzee mwenye kiu, mbele ya kijiji kizima. Baba mdogo Severini akasema kwa sauti ya chini, "Huyu anataka kumuua." Niliona watu wawili watatu wanarudi nyuma hatua moja, na nilijua wanafikiri nini. Kama angekufa pale kitini, mwanangu, mikono yenye damu ilikuwa yangu mimi peke yangu. Wengine wote walikuwa wamenawa.

Ndipo akaja Shangazi Veronika. Alikuwa dada mkubwa wa Mzee Leonsi, mzee kuliko wote pale, na ndiye aliyekuwa anasimamia masufuria ya maji ya moto huko nyuma. Ndiyo maana alichelewa. Alikuja na upawa mkononi. Hakuwasalimu watu. Akamwinamia mdogo wake, akamshika shavu kwa mgongo wa mkono.

"Wa baridi," akasema. Akanigeukia. "Wewe si ulisoma kwa masista? Walikufundisha nini?"

"Alale, Shangazi. Miguu iwe juu. Nikandamize na nisiachie. Afunikwe. Apelekwe hospitali sasa hivi."

"Leonsi," akasema, "lala chini."

"Dada, mbele ya wakwe?"

"Mbele ya wakwe. Ukifa si utalala mbele yao vilevile? Lala chini, mtoto wewe!"

Hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita Mzee Leonsi mtoto. Akalala. Aliyekuwa amechuchumaa kusalimu alikuwa bado amechuchumaa, Shangazi akamwambia aache makofi akalete blanketi. Wakaleta mawili, wakamlaza juu ya moja na kumfunika lingine. Baba mmoja akataka abebwe kando ya moto apate joto, nikasema hapana, blanketi linatosha. Tukaweka miguu yake juu ya gunia la pumba. Shangazi akavua khanga yake mwenyewe akanipa. Nikaikunja na kuiweka juu ya kile kitambaa kilicholowa, bila kukitoa, na nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Baba mdogo akafungua mdomo. Shangazi akamtazama tu, na ule upawa ulikuwa bado mkononi.

Jirani yetu mmoja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake kutoka kaskazini, alikuwa na mkokoteni. Akafunga maksai. Tukampakia Mzee amelala, nami nikapanda nimepiga magoti pembeni yake, mikono palepale. Tulikwenda hivyo mpaka barabara kubwa, na hapo tukapata lori la mnunuzi wa mahindi, tukamlaza juu ya magunia, mimi nimepiga magoti vilevile. Njia nzima nilizungumza naye. Nilikuwa nimeambiwa na Sista kwamba mgonjwa asiachwe peke yake na hofu yake, lakini sikujua mkamwana anazungumza nini na baba mkwe wake. Nikamwuliza habari za ng'ombe aliowahi kuwa nao ujanani. Akanieleza kuhusu dume mmoja mwekundu, akasinzia, nikamwita, akaendelea na yule dume. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Hospitalini daktari aliniambia niachie, nikataka kuachia, vidole vikakataa kunyooka. Muuguzi alivifungua kimoja kimoja.

Akawekewa dripu na damu, akashonwa, akapigwa sindano ya pepopunda, akapona. Ungedhani hadithi inaishia hapo. Aliporudi nyumbani na fimbo yake, Mzee Leonsi hakunitazama. Nikisalimu, alijibu akiangalia ukuta. Nilipopita upande huu, alipita ule. Wiki zikapita hivyo. Nilijiambia kwamba nimemwokoa mtu na nimempoteza baba, na niliumia, sitakuficha.

Didas akiwa bado Kabwe, habari ya baba yake haijamfikia, kikao cha ukoo kiliitwa Jumapili baada ya misa. Baba mdogo Severini ndiye aliyesema, na nitamtendea haki: alisema kwa upole. Mkamwana alimshika baba mkwe wake paja mbele za watu. Mkamwana alimnyima maji mzee mwenye kiu. "Kupona amepona, tunamshukuru Mungu," akasema, "lakini kupona ni kazi ya daktari. Kosa la mkamwana liko palepale." Alitaka nitoe kuku, nipige magoti niombe radhi, na nirudi kwetu Chanji nikae huko mpaka mume wangu aje kunifuata na wazee wangu. Unajua maana yake. Mwanamke aliyerudishwa kwao kwa kosa la aina ile, huenda hafuatwi.

Wazee wakatikisa vichwa, wengine kwa kukubali, wengine kwa usingizi wa mchana. Mama mkwe alitazama mikono yake. Nilikuwa na kuku mmoja tu wa kwangu, nikaanza kufikiria nitamkamatia wapi.

Mzee Leonsi akasimama kwa fimbo yake. Akainama, akashika suruali yake, akaipandisha polepole mpaka juu ya goti, mbele ya kaka zake, mbele ya watoto wao, mbele yangu.

"Mkamwana, inua macho."

Sikuthubutu.

"Nimesema inua macho utazame."

Nikatazama. Kovu lilikuwa refu, jekundu bado, na alama za nyuzi pande zote mbili.

"Ameona," akawaambia. "Na aliyemwonyesha ni mimi. Kama kuna faini ya jambo hilo, ni yangu, mimi nitatoa kuku. Na kuhusu maji, Severini. Daktari alipotaka kunilaza usingizi anishone, swali lake la kwanza lilikuwa nimekula nini, nimekunywa nini. Nikamwambia sijanywa kitu, nimenyimwa. Akasema, mzee, ukirudi mshukuru aliyekunyima." Akashusha suruali. "Nimechelewa kushukuru kwa sababu nilikuwa naona haya. Haya yenyewe leo nimeichoka. Jogoo achinjwe."

Likachinjwa jogoo lake, kubwa, zee. Wewe wa siku hizi pengine hujui, lakini nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba. Mwanamke aliipika, akaipakua, akaipeleka, na hakuionja. Chakula kilipoletwa, Mzee Leonsi aliitafuta firigisi kwenye bakuli kwa vidole vyake, akainuka na fimbo yake, akatembea mpaka kwenye mkeka wa wanawake, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mwanangu," akasema. Siyo mkamwana.

Nikala. Ilikuwa ngumu kama mpira wa kandambili na nilikuwa nalia, kwa hiyo ilinichukua muda mrefu, na watu wote walingoja mpaka nilipoimaliza.

Sasa nisikilize, maana nimekueleza yote haya ili nikwambie haya machache. Ukimkuta mtu anavuja damu, usianze na salamu, usianze na pole, usianze na kuuliza imekuwaje. Angalia kwanza kama hapo penyewe ni salama, bati jingine lisije likakukata na wewe. Chukua kitambaa kisafi kuliko vyote ulivyonavyo, weka juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu, na usiinue kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Ukiwa na mfuko wa plastiki, vaa mikononi, kwa sababu damu hubeba magonjwa. Mimi sikuwa nao. Kama kuna kitu kimemchoma na kimebaki ndani, usikichomoe. Kandamiza pembeni yake. Kama ni mkono au mguu na damu imekataa kabisa kusimama, funga juu ya jeraha kwa kitambaa kipana, siyo kamba, kaza mpaka ikome, kumbuka saa uliyofunga, na usifungue. Mwachie daktari afungue.

Ukiona amepauka, ana jasho la baridi, anapumua upesi, ana kiu, anasema yasiyoeleweka, hayo ndiyo yanayoua wakati watu wanadhani amechoka tu. Mlaze chali, inua miguu yake ikiwa haijavunjika, mfunike, zungumza naye, usimpe chakula wala kinywaji, hata akikusihi, hata mama mkwe akikutazama vibaya. Kidonda kidogo kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike, na ukichunguze kila siku. Unga wa vidonge, mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe, vyote viache vilipo. Na aliyekatwa na bati au kitu chenye udongo aende akachomwe sindano ya pepopunda, hata kama damu imekoma na anakwambia yeye ni mwanamume.

Moto nao sijausahau. Shangazi Veronika yule yule, miaka ya baadaye, alijimwagia maji ya moto ya kimpumu mkononi. Kabla sijafika alikuwa ameshaitisha dawa ya meno, na mwingine anavunja yai. Nikamvua bangili zote upesi kabla mkono haujavimba, nikamkalisha, nikawa namwagia maji ya kawaida, kata baada ya kata, kwa muda wa kupika ugali na kuupakua, dakika ishirini hivi. Alinitukana kwa Kifipa muda wote huo. Kisha nikamfunika kwa kitambaa safi bila kubana, malengelenge hatukuyapasua, tukaenda zahanati. Maji ya kawaida tu, mwanangu. Siyo mafuta, siyo asali, siyo unga, wala siyo barafu. Kovu lake lilikuwa dogo, na alilionyesha kwa watu kama kazi yake mwenyewe.

Mungu akujalie usikutane na mambo haya. Lakini utakutana nayo, kwa sababu watu wanaezeka, wanapika, wanapanda pikipiki. Basi akujalie uwe karibu, na mikono yako isione haya. Ibarikiwe mikono hiyo, ipate nguvu ya kutoachia. Na siku mtu atakapokushika bega na kukuuliza ni nani aliyekuruhusu umguse mzee huyu, au mama huyu, au mtu huyu usiyemjua, usibishane naye na usiinue mkono. Mwambie umeruhusiwa na Mzee Leonsi.